Rangi ya Kahawa

Shule ikifungwa, kitu cha kwanza ninachofanya nikifika nyumbani ni kutoa njiti za fagio masikioni. Shuleni kwetu hereni ni marufuku, hata kale kapini kadogo kasikoonekana, na tundu la sikio likikaa wazi muhula mzima linaziba. Kwa hiyo wasichana tunakata njiti ya fagio, urefu wa punje ya mchele, tunaipitisha kwenye moto kidogo isije ikatuletea usaha, halafu tunaichomeka. Kwa mbali huioni. Mwalimu wa zamu akiiona anakuuliza hiyo antena inashika redio gani.

Likizo hii ya Juni, nikiwa kidato cha tatu, nilitoa njiti nikavaa hereni zangu za manyoya ya bluu, zile zinazofika begani, nikaenda nazo kuchuma kahawa. Mama alinitazama kutoka upande wa pili wa mbuni akasema, "Kahawa inachumwa kwa mikono, siyo kwa masikio."

Acha niseme ukweli wangu. Napenda mapambo ya bei chee. Siyo mapambo tu, ya bei chee. Bangili ya elfu kumi iliyokaa kwenye kioo cha duka hainisumbui kabisa, naipita kama napita nyumba ya mtu nisiyemjua. Lakini ile ya mia tano iliyozama chini ya rundo, yenye jiwe moja limedondoka, hiyo naweza kuiota wiki nzima. Nina bati la biskuti limejaa: hereni, pete, cheni, vibanio, saa mbili zisizotembea ambazo nazivaa kwa sababu ya mikanda yake. Na kazi hii naijua. Muuzaji akiapa "haichuji hii!", najua itachuja, kwa hiyo pete nikiinunua naipaka kwa ndani ile rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ikauke vizuri, na kidole hakigeuki kijani. Hereni naipima uzito kwa kuining'iniza kwenye kidole kidogo. Kidole kikichoka, sikio nalo litachoka.

Tatizo langu ni mdomo. Siwezi kupatana bei. Kwetu mtoto wa kike anapiga magoti akimsalimia mkubwa, na mimi nikishasalimia huwa natamani nibaki huko huko chini. Sasa mtu kama huyo atasemaje "punguza"? Ninachofanya ni hiki: nashika kitu, nakitazama, nanyamaza.

"Elfu mbili," anasema muuzaji.

Nanyamaza.

"Elfu na mia tano basi, kwa sababu ni wewe."

Nakigeuza upande wa pili.

"Haya binti, leta buku uondoke, usije ukanililia hapa watu wakadhani nimekupiga."

Sikuwa nalia hata kidogo. Ndivyo uso wangu ulivyo. Lakini kwa njia hiyo nimenunua vitu ambavyo rafiki zangu wenye midomo mirefu wameshindwa kuvipata kwa bei hiyo, na dada yangu mkubwa alikuwa amelitambua hilo siku nyingi.

Dada anafanya kazi Nyakahanga, hospitalini, na mwezi huo alikuwa anaagwa. Mchumba wake ni mtu wa Kyerwa, na sendofu ilikuwa ifanyike hapa hapa nyumbani kwetu Ndama, siku ya Jumamosi. Kamati ilikaa sebuleni: mama, shangazi yangu ambaye ndiye mwenyekiti wa kila kitu kwenye ukoo wetu, majirani wawili wa kanisani, na dada mwenyewe. Mimi nilikuwa napita na chai. Wapambe walikuwa wanane, nikiwemo, na magauni yalikuwa yameshashonwa, rangi ya maziwa. Yalikuwa yamebaki mapambo, yaani hereni, mkufu wa shanga na bangili, seti nane zinazofanana.

"Mapambo anunue mdogo wangu," dada akasema.

Nilisimama katikati ya sebule na birika langu.

Shangazi alicheka mpaka akashika kifua. "Huyu? Huyu nikimtuma chumvi kwa jirani anasimama mlangoni mpaka wamuulize kama amefiwa!"

"Shangazi, mtazame masikio yake. Unajua hizo kanunua shilingi ngapi?"

Wote walinitazama masikio. Niliwaka moto kuanzia shingoni. Dada alitaja bei, na jirani mmoja akasema taratibu, "Mpeni mtoto kazi."

"Basi," akasema shangazi. "Lakini wakitoka siku hiyo kama kuku wa rangi mbalimbali, mimi nitasimama niseme mbele ya wakwe ni nani aliyewavalisha. Bibi harusi, unataka rangi gani?"

"Rangi ya kahawa," dada akasema.

Wote wakaitikia kwa kichwa. Mama akaitikia, majirani wakaitikia, shangazi akaandika kwenye daftari lake. Na mimi nikaitikia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali, kwa nini aulize? Sisi ni watu wa kahawa. Kutoka mlangoni kwetu ukitupa jiwe linaangukia kwenye mbuni.

Siku iliyofuata nilienda Kayanga kwa miguu, karibu natembea huku naruka. Duka ninalolipenda liko nyuma ya stendi, na mwenye duka ni mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku kutoka Tanga akiuza kanga. Amezaliwa hapa, na akigombana na bodaboda anamtukana kwa Kinyambo kilichonyooka kuliko changu. Ila akiwa ndani ya duka Kiswahili chake kinabadilika, kinakuwa cha kwao, kinateleza kama mafuta. Mtu akisema "heleni" anamrekebisha kwanza ndipo amuuzie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kununua au kuyaonea huruma mapambo yangu?"

"Kununua. Seti nane."

Aliweka chini kikombe chake. "Nane! Nani anaolewa?"

Nikamweleza, kwa sauti ambayo ilibidi ainamie meza aisikie. Alisema nina bahati, kesho yake anakwenda Mwanza kufuata mzigo, huko kuna mahali anapata seti nzuri kwa bei ya kutupa, atanichagulia kama anayemchagulia mwanawe.

"Rangi?"

"Ya kahawa."

"Kahawa. Haya, nimeshika."

Nilimpa hela ya kamati nikatoka. Sijui nieleze vipi furaha ya siku zile. Nilikuwa nachuma kahawa asubuhi, na kila tawi nililolivuta lilikuwa limejaa punje zilizoiva, nyekundu, zinang'aa kwa umande, nikawa naziona masikioni mwa wasichana wanane. Nilishika vishada viwili nikavining'iniza masikioni mwangu na kujitazama kwenye ndoo ya maji. Vilipendeza! Gauni la maziwa na nyekundu ile! Nikamwona dada ana akili kuliko watu wote wa Karagwe na Kyerwa, kuwaza jambo kama lile, kuvaa shamba la nyumbani siku ya kuondoka nyumbani.

Mzigo ulifika Jumanne. Mama wa duka alinipa mfuko umefungwa kwa gundi ya karatasi, dukani kumejaa wateja, nami nikaona aibu kuufungua mbele ya watu. Niliufungulia njiani, chini ya mgomba wa mtu.

Zilikuwa za kahawia. Zote. Shanga za mbao za kahawia, hereni za duara za kahawia, bangili pana za kahawia zinazong'aa kama meza mpya ya fundi. Nilitoa seti ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikidhani labda nyekundu ziko chini. Nane zote zile zile. Kusema kweli zilikuwa nzuri, siku nyingine ningeuza hata saa zangu zisizotembea nizipate. Lakini siku ile niliziona kama maji ya mtaro. Nilikaa pale kwenye majani makavu mpaka mwenye mgomba akatoka kuniuliza kama naumwa.

Nikarudi dukani.

"Mama, hizi siyo rangi ya kahawa."

"Sema tena mwanangu, sikukusikia."

"Siyo rangi ya kahawa."

"Ati?" Akainua kikombe chake, anakunywaga kahawa chungu yenye tangawizi kuanzia asubuhi hadi anafunga. Akakileta mpaka puani pangu. "Hii ni nini?"

"Kahawa."

"Rangi yake?"

Nikatazama ndani ya kikombe. Ilikuwa ile ile, hata mng'ao wake.

"Kwetu kahawa ni nyekundu," nikasema.

"Nyekundu! Nani kakunywesha kahawa nyekundu, masikini?"

"Hatuinywi. Tunaichuma."

Akatazama kikombe chake, kisha akanitazama. Halafu kicheko kikaanzia tumboni kwake, kikampanda, akashika ushungi usimwanguke. "Wallahi! Umri wangu wote niko Karagwe, najua msimu wa kahawa kwa jinsi watu wanavyokuja kununua, na mti wenyewe sijawahi kuutazama usoni." Kisha akaacha kucheka maana aliona uso wangu, na safari hii kweli nilikuwa karibu kulia. "Ngoja. Bibi harusi mwenyewe alimaanisha ipi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Labda dada naye anazungumzia ya kikombe, huko hospitalini si wanakunywa chai ya saa nne, labda na kahawa!

"Kamuulize," akasema mama wa duka. "Na usinikasirikie, lakini lile tangazo unalisoma." Ukutani nyuma yake kulikuwa na kibao: Mali ikishauzwa hairudi. Nimekisoma mara mia, ila siku ile kilikuwa kimeandikwa kwa ajili yangu.

Nyumbani sikuweza kusema. Nilizificha seti chini ya kitanda nikaanza kuzunguka na swali langu kwa mbali. Mama alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka.

"Mama, hivi rangi ya kahawa ni ipi?"

"Nyeusi," akasema bila kuinua kichwa. "Ikiwa nyekundu bado ni mali ya mvua na wezi. Ikikauka ikawa nyeusi hapa mkekani, ndipo ni yangu."

Nyeusi! Sikuwa hata nimefikiria nyeusi. Nikaenda kwa bibi, mama yake baba, ambaye alikuwa amekaa mlangoni anatafuna akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa wanazopewa wageni.

"Nyeupe," akasema bibi.

"Nyeupe, bibi?"

"Hujaiona inapochanua? Kibanja chote kinakuwa kama kimemwagiwa maziwa, na harufu inaingia mpaka kitandani. Hiyo ndiyo rangi yake. Yanayofuata yote ni kazi."

Nilirudi ndani nikajilaza juu ya kitanda, na mapambo yako chini yake. Nikawaza kwamba kamati nzima iliitikia kwa kichwa, na kila kichwa kilikuwa na rangi yake. Na mimi ndiye nitakayesimamishwa mbele ya wakwe. Lakini shangazi hakuniogopesha sana kama dada. Watu wote waliokuwa mle sebuleni waliniona mtu asiyeweza kuomba chumvi, ila dada ndiye aliyenitaja. Nikikosea mimi, yeye ndiye ataonekana hakujua alichosema, siku ambayo haina ya pili.

Nikachukua simu ya mama nikaandika: Shikamoo dada. Ile rangi ya kahawa ni kahawa ipi?

Alikuwa zamu. Jibu lilikuja baada ya saa nzima, na saa ile niliisikia dakika kwa dakika.

Marahaba mpenzi. Ya kuiva jamani, nyekundu!! Ile tuliyokuwa tunajiwekea masikioni tukiwa wadogo. Kwani hujapata?

Nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, sijawahi kuhisi hivyo. Nilikuwa sahihi! Na nilikuwa na seti nane ambazo siyo. Vidole vyangu vikaandika: Nimepata dada, nzuri sana. Nikatuma. Nilipoona imekwenda nikatamani niingie kwenye simu niirudishe.

Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mama wa duka kabla hajafungua. Nilimwambia yote, pamoja na uongo wangu. Alinisikiliza huku anahangaika na kufuli.

"Hela yako mimi nimeshaigeuza mzigo," akasema. "Sina ya kukurudishia, na nikikudanganya nitakuwa nakuonea. Lakini kesho nakwenda gulio la Nkwenda. Nyekundu ziko kule, mimi sina, ila wenzangu wa Murongo, kule mpakani, wanazo kutoka Uganda. Nakupa kona ya meza yangu. Uza hizi, ununue zile."

"Mimi siwezi kuuza, mama."

"Kwa nini?"

"Sina mdomo."

"Na hicho unachosemea huna mdomo ni nini?"

Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kutafuta mapambo ya dada, ambayo ilikuwa kweli tupu. Alhamisi tuliondoka Kayanga ukungu haujainuka, kwenye pikapu ya kukodi, mimi nimekaa juu ya marobota ya mitumba na mfuko wangu magotini. Kadiri tulivyoingia Kyerwa vilima vikawa vinafunguka, na moyo wangu unapiga kama nakwenda mtihani na kama nakwenda harusini. Nkwenda siku ya gulio, jamani! Mikungu ya ndizi imelala kama watu, mbuzi, masufuria, maturubai ya bluu, vipaza sauti vimerekodiwa vinaimba mia-tano-mia-tano bila kupumua. Na meza za mapambo zilikuwa nyingi, mpaka nikasahau shida yangu. Nikaona hereni za kijani zenye umbo la jani, nikazipima kwa kidole kidogo. Mama wa duka akanipiga kibao cha mgongo. "Leo wewe ni muuzaji. Rudi kwenye kona yako."

Nilizipanga seti zangu nane juu ya kitambaa cheupe, nikasimama nyuma yake, nikanyamaza.

Nikanyamaza saa nzima. Nikanyamaza saa ya pili. Nikagundua kwamba ile mbinu yangu inafanya kazi upande mmoja tu wa meza. Niliwanyamazia wateja, nao wakaninyamazia. Walipita, wakatazama, wakaenda kwa wenye vipaza sauti. Jua lilikuwa limeshapanda, na meza ya jirani, ambako nilikuwa nimeona seti nyekundu hasa zimening'inia, watu walikuwa wanazitoa moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na mbili. Zikawa kumi. Zikawa tisa.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mnene, kikapu cha nyanya kichwani, akashika bangili.

"We binti, hii mnaiita rangi gani?"

"Ya kahawa," nikasema.

"Kahawa!" akaita kwa sauti, kichwa hakijatikisika hata kidogo na nyanya zake. "We mtoto, kahawa hujawahi kuiona?"

Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni kwa sababu lile lilikuwa neno langu mwenyewe, nililolibeba siku tatu, na sasa mtu ananipiga nalo. Nikasikia sauti inatoka, kubwa, na ilikuwa yangu.

"Nimeiona mama! Nimeichuma wiki nzima, tazama kucha zangu! Haya niambie wewe, kahawa ina rangi gani?"

"Nyekundu!"

"Nyekundu wapi," akasema mzee mmoja aliyekuwa anapita na jembe jipya begani. "Kahawa ni nyeusi. Nani alikwenda mnadani na nyekundu?"

"Mzee, shikamoo, lakini hiyo nyeusi ni ganda," akasema kijana wa bodaboda bila kushuka kwenye pikipiki. "Ukilikoboa ndani ni kijani."

"Kijani ni kahawa ya mwizi!" mwanamke wa nyanya akamrukia. "Mnaichuma usiku haijaiva, ndiyo maana mnaijua!"

Watu wakaangua kicheko. Waliokuwa wanapita wakasimama, waliokuwa wamesimama wakauliza kuna nini, wakaambiwa kuna binti wa Karagwe anauliza rangi ya kahawa. Nikaona wanaziba njia. Mama wa duka alikuwa amekunja mikono, ananitazama kama anayetazama sufuria linaanza kuchemka.

"Bibi yangu anasema nyeupe!" nikapaza sauti.

"Ya maua! Bibi yako ana akili!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Basi hii hapa ni kahawa iliyomaliza safari yake yote," nikasema, na mkono wangu ukainua bangili juu, sikuuambia. "Imechanua, imechumwa, imekauka, imekobolewa, imepita mnadani, imekaangwa, imesafiri mpaka Mwanza, imekurudia! Wewe unailima kila mwaka hujawahi kuivaa!"

"Huyu mtoto!" akasema mwanamke wa nyanya. Akatua kikapu chini. "Nipe nijaribu. Lakini nitakupa elfu nne."

"Elfu saba, mama."

"Nne na nusu."

"Mama, ukiivaa hii kanisani Jumapili, yule anayekaa mbele yako atasikiliza mahubiri amegeuka nyuma. Sita."

Jamani, mimi ndiye niliyesema hivyo. Alicheka, akatoa sita. Alipozivaa, zikapendeza kwenye ngozi yake kweli kweli, na wenzake wakaona. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka mikono mingi, na mzee wa jembe akiuliza kama hizo zinafaa kwa mkewe ambaye ni mweusi wa kung'aa, nami nikimwambia mzee, kahawa na kahawa! Nakumbuka bei naipandisha na kuishusha kama niliyezaliwa sokoni. Koo lilikuwa linawaka. Nilipotazama chini kitambaa cheupe kilikuwa kitupu, nacho nikakipiga bei kwa sekunde moja mtu alipouliza, mpaka mama wa duka akaninyang'anya.

Nikakimbilia meza ya jirani. Seti nyekundu zilikuwa zimebaki saba.

Muuzaji, kaka mmoja mrefu mwenye kofia, alitaja bei. Nilishika moja. Nilianza kunyamaza kwa mazoea, kisha nikakumbuka sina muda wa kunyamaza.

"Kaka, nachukua zote saba. Nitajie bei ya mtu anayechukua zote, siyo ya mtu anayepita."

"Wewe si ndiye wa kahawa? Nimekusikia hapa. Umeninyang'anya wateja wangu wote."

"Na wengine wakahamia kwako wakanunua. Nilikuwa nakuona."

Akakuna kofia. Akashusha. Nikashusha tena. Tukakutana mahali ambapo wote wawili tulikuwa tunanung'unika, na hapo ndipo penyewe. Ya nane nilizunguka gulio zima kuitafuta, nikaipata kwa mama mmoja wa Murongo. Umbo lilikuwa lile lile, ila nyekundu yake ilikuwa inaelekea rangi ya machungwa, kama punje iliyobakiza siku mbili kuiva. Nikasema hiyo itakuwa yangu.

Dada alifika nyumbani Ijumaa mchana, bodaboda ikiwa imejaa mifuko yake mpaka kwenye usukani. Sikumngojea apumzike. Nilimvuta chumbani, nikafunga mlango, nikatandaza magauni manane kitandani na juu ya kila gauni nikaweka hereni, mkufu na bangili. Alisimama. Aliinama akachukua mkufu mmoja, akaupitisha kwenye vidole shanga moja moja, kama anayechambua. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii hasa. Uliipata wapi nyekundu yenyewe?" Na nilipotaka kujibu sauti ikatoka kama ya jogoo mwenye mafua, maana tangu jana koo lilikuwa limekauka kabisa. "Wewe, unaumwa?"

Ndipo nikamweleza, kwa mkwaruzo huo huo. Za kahawia, kikombe cha mama wa duka, ule ujumbe wangu wa uongo, Nkwenda, mwanamke wa nyanya, mzee wa jembe. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda mdomo wazi. Nilipofika kwenye uongo niliangalia sakafu, nikasema nisamehe.

"Kwa nini hukuniuliza tangu siku ile ya kamati?"

"Niliona aibu."

"Uliona aibu kuniuliza mimi, dada yako, sebuleni kwetu," akasema pole pole, "halafu ukaenda kupiga kelele katikati ya gulio la Nkwenda?"

Dada alianza kucheka, akaanguka chali juu ya magauni, nami nikacheka bila sauti, mabega tu yanaruka, mpaka shangazi akagonga mlango kuuliza mnaua nini humo ndani. Dada akamwambia aingie. Shangazi akaingia, akasimama mbele ya kitanda mikono kiunoni, akaziangalia zote nane, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayetafuta kosa.

"Hii ya mwisho haijaiva," akasema.

"Ni yangu, shangazi," nikakwaruza.

Akainyanyua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaitazama tena. Halafu akanifuata, akanivalisha mwenyewe, sikio la kulia, sikio la kushoto, mikono yake inanuka moshi na vitunguu.

"Itaivia hapo hapo," akasema. "Sasa vaa na gauni, nikuone."